Pua ya Himid na Mkarafuu wa Mzee Nabhan

Mume wangu Himid hapandi miti. Nalisema hili mwanzo kabisa, ili lisije likachanganywa na maneno ya watu. Taa ya sebuleni ikiungua, mimi ndiye ninayepanda kiti na yeye ndiye anayekishika, tena anakishika amefumba macho. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyewaambia watu wa Kiuyu Minungwini kwamba ameanguka mkarafuuni.

Ukweli ni kwamba alipigwa na ng'ombe. Wala si fahali wa mchezo wa ng'ombe, maana hapo angalau angepata la kujisifia. Ni ng'ombe wangu wa maziwa, Tulia, ambaye watoto wa mtaa humpanda mgongoni. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mwanetu Safaa kliniki Chake Chake, na Himid akajitia atakamua yeye. Siku zote alikuwa akinambia kukamua ni kazi ya vidole, na vidole ndiyo mali yake, kwa kuwa yeye ni mpiga zumari. Akainama kumfunga kamba, nzi akamtua Tulia sikioni, Tulia akatupa kichwa. Basi, hiyo ndiyo ajali yenyewe. Niliporudi nilimkuta bwana amekaa barazani, pua imefura kama muhogo wa kuchemsha, na majirani wamemzunguka wanampa pole.

"Kaanguka mkarafuuni," aliniambia Bi Mwatum, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Ule wa kisimani, wa Mzee Nabhan. Mungu tu kamnusuru."

Nikamtazama Himid. Himid akatazama paa. Nikamtazama Tulia pale bandani, na damu kwenye pembe yake ilikuwa haijakauka. Mke ni sitara ya mumewe, na mimi nilidhani uongo ule ungekaa siku mbili kisha uondoke na uvimbe.

Majirani walipokwenda zao, nilimuuliza imekuwaje.

"Bi Mwatum ndiye alouliza, 'Umeanguka mkarafuuni?' Mie n'kaitikia tu," alisema. "Msimu huno kila mtu yuaanguka mkarafuuni. Akauliza mti wa nani, n'kataja ulonijia mdomoni."

"Na kwa nini usiseme ng'ombe?"

"Ng'ombe jike, Mama Safaa! Wa maziwa! Wenzangu wa ngoma watanicheka mpaka kaburini."

Kwetu mtu aliyeanguka mkarafuuni ana heshima yake. Kaumia akitafuta riziki, tena riziki ya kisiwa kizima. Kwa wiki mbili Himid alikula kuku wa watu na kunywa uji wa watu. Mzee Nabhan mwenyewe alituletea mkungu wa ndizi na boksi la tende, akashika mkono wa Himid muda mrefu. Mimi zile tende sikuonja hata moja. Himid alizila zote.

Uvimbe ulipoisha ndipo tulipojua hasara. Tundu la kulia la pua lilikuwa limeziba kabisa, na la kushoto lilipitisha pumzi nusu. Kwa mtu mwingine hilo ni kero ya kukoroma tu. Kwa mpiga zumari ni msiba, maana zumari haipumziki. Mpigaji anaweka pumzi kwenye mashavu na kuisukuma taratibu, na papo hapo pua inavuta nyingine, ndiyo maana sauti haikatiki. Himid alikuwa akiweza kupiga tangu wachezaji wanaingia uwanjani mpaka jasho linawachuruzika, bila kituo.

Sasa akawa anakatika. Kwenye harusi moja ya Wesha, vijana wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, walikuwa wameshainua fimbo zao, wanasubiri sauti wapigane, na zumari ikanyamaza katikati. Wakabaki wamesimama na fimbo hewani kama watu wanaopimwa urefu. Himid alipewa nusu ya ujira wake, na pilau yake ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki aende akaile nyumbani.

Jabir, mpiga ngoma mkuu na kiongozi wa kikundi chao, ni mtu muungwana, lakini kikundi kina vyombo vya kutunzwa na vijana wake wanasubiri ugali. Alimchukua mpiga zumari mwingine kutoka Shumba, kwa majaribio.

"Nakungoja mpaka harusi ya Shadya," alimwambia Himid. Shadya ni binti wa dada yake Jabir, na harusi yake ilikuwa ifanyike Shumba Mjini miezi minne mbele. "Ukiweza, pahala pako. Usipoweza, yakhe, huyu kijana ndo keshaingia."

Himid akaifunga zumari yake kwenye kanga yangu ya zamani na kuitia sandukuni. Nyumba ikawa kimya. Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na moja nikilalamikia makelele yake, na sasa nilikichukia kimya kile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote.

Tukaenda hospitali. Daktari akamulika ndani na kutueleza vizuri: ule ukuta wa katikati unaotenga matundu mawili ya pua umepinda, tena umepinda vibaya, hauwezi kurudi wenyewe, dawa yake ni upasuaji. Hospitali ya serikali hatungelipa, ila daktari bingwa wa pua anakuja kwa zamu na waliotangulia ni wengi. Muuguzi alitazama daftari lake, akasema labda baada ya Ramadhani, labda baada ya Hija. Harusi ya Shadya isingesubiri Hija. Tukapiga simu kliniki moja ya binafsi Unguja. Milioni mbili na laki mbili, pamoja na vipimo, dawa na kulala. Nusu kabla ya kupasuliwa, iliyobaki unaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

"Mna bima?" aliuliza karani kwenye simu.

"Nnayo," alisema Himid kwa furaha. "Ya pikipiki."

Tulikaa tukajipanga. Upatu wetu wa wanawake ulikuwa karibu unifikie, laki tano. Kikundi cha ngoma kilichanga laki mbili. Ikabaki milioni moja na nusu, na sisi hatuna shamba la kukodisha.

"Tumuuze Tulia," alisema Himid, na uso wake uliwaka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Tulia hauzwi," nikamjibu. "Safaa atakunywa maziwa gani? Ya kwako?"

Hapo ndipo alipokuja sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa kijijini, Bwana Abdulnasir, na bahasha ya kaki. Alikuja kwa wema kabisa. Alituambia wanaoanguka mikarafuuni huwa wanasaidiwa na serikali, kuna kifuta machozi chao, na kwa jeraha la kutaka upasuaji huenda ikatoka milioni na zaidi. Jina la Himid alikuwa ameshalijaza. Zilikuwa zinatakiwa saini tatu tu: ya aliyeanguka, ya mwenye mti na ya shahidi mmoja wa nyumbani.

"Shahidi si ndo weye, Bi Mwanapili," alinambia. "Kesho asubuhi tukutane kwa Mzee Nabhan tumalize."

Sheha alipotoka, Himid alikuwa anatembea chumbani kama bwana harusi.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema.

"Mungu ameingiaje humu? Himid, hii ni pesa ya watu waliovunjika viuno."

"Na mie pua yangu haikuvunjika? Mama Safaa, maneno yashasemwa. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mimi nguo zangu sijavua," nilimwambia, nikaenda kukamua.

Lakini nitasema kweli. Nilipokuwa nimeinama pale ubavuni mwa Tulia, nilikuwa nafanya hesabu. Milioni na zaidi, na laki tano yangu, na laki mbili za ngoma. Pumzi zote za mume wangu zilikuwa ndani ya bahasha ile, na kilichotakiwa kwangu ni saini moja, nami naandika vizuri. Niliona haya kwa jinsi nilivyoitamani.

Asubuhi tukaenda kwa Mzee Nabhan. Wazee wake walikuja kutoka Oman na walikuwa na mashamba yasiyohesabika. Yeye amebakiwa na mikarafuu thelathini na kitu, duka la vifaa vya ujenzi, na kikohozi. Alitukaribisha kwa kahawa na haluwa. Karatasi ilipotolewa hakuisoma hata mstari mmoja, akatia saini yake palepale. Himid akatia yake. Kisha kalamu ikaja kwangu.

"Sheha," alisema Mzee Nabhan, "mkimaliza, na mie nna haja yangu kwako. Nataka unifuatie kibali cha kuukata ule mti."

"Mti gani, Mzee?"

"Ule wa kisimani. Ulomwangusha Himid."

Sheha alishtuka. Mkarafuu haukatwi ovyo kisiwani kwetu, na ule wa kisimani ndio uliokuwa ukizaa kuliko yote ya mzee.

"Mwanangu Maher alianguka mkarafuuni," alisema Mzee Nabhan. Alikuwa akimwambia Himid, si sheha. "Weye ulikuwa mdogo hukumbuki. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuinuka. Siku ile n'lisema na nafsi yangu, mti wangu mwengine ukija kumwangusha mwana wa mtu, sitauacha usimame. Tangu uanguke weye, sipiti njia ya kisimani. Nazunguka kule nyuma."

Nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, liwe liwalo, aibu iwe yetu sote. Himid akaniwahi.

"Ng'ombe," alisema.

Mzee Nabhan akamtazama.

"Ni ng'ombe, Mzee. Sikuanguka. Mti wako hata sijawahi kuugusa. Mie miti naiogopa, muulize Mama Safaa. N'lipigwa na ng'ombe wa mke wangu, n'kaona haya, n'kasema uongo. Tende zako n'kala. Nisamehe, Mzee wangu."

Alisema huku machozi yanamtoka, na kwa kuwa pua ilikuwa imeziba, kilio chake kilitoka kibaya sana. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, hivyo hivyo na kilio chake kibaya.

Mzee Nabhan alikuwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa.

"Ng'ombe dume?" aliuliza hatimaye.

"Jike," alisema Himid. "Wa maziwa."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani kikohozi. Kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kile kilitoka mbali, kikammwagia kahawa kwenye kanzu na kumfanya ashike nguzo ya baraza. Akasema alhamdulillahi mara nyingi sana, akifuta macho kwa ncha ya kilemba. Mti ule wa kisimani haukumdhuru mtu. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na sheha naye akaanza, na mimi nikashindwa kujizuia. Himid peke yake ndiye hakucheka.

Sheha aliichukua ile fomu, akaichana mara nne.

"Ikifika afisini itanibidi niandike ng'ombe," alisema, "na ng'ombe hana safu yake humu."

Mzee Nabhan alipotulia, sura yake ikawa ya kazi.

"Sasa weye umeusingizia mti wangu miezi miwili," alimwambia Himid. "Umeuvunjia heshima. Mie nusura niukate bure. Lazima uulipe haki yake."

"Nambie tu, Mzee."

"Utaupanda."

Himid akawa mweupe kama kanzu ya Ijumaa.

"Ule, na mitatu ilofuatana nao kwenye mstari. Imechumwa mkono wa kwanza tu, karafuu za mkono wa pili ndo zinapevuka sasa. Utazichuma kwa mkono wako, usimtume mtu. Na zikishakauka, kauze, pesa ukatengeneze pua yako."

"Zote, Mzee?" niliuliza mimi, maana Himid alikuwa bado amekwama kwenye neno la kupanda. Kwa kawaida mchumaji hupata ujira wake kwa pishi, na mti unabaki na mwenyewe.

"Mti n'lotaka kuukata wiki hino, karafuu zake zingekuwa za nani?" alisema Mzee Nabhan.

Njia ya mwongo fupi, na njia ya habari ya mwongo ni fupi zaidi. Adhuhuri haijaadhiniwa, Kiuyu nzima ilikuwa inajua habari ya Tulia. Siku ya pili tulipofika kisimani tulikuta watu wamekuja na mikeka.

Mzee Nabhan alikuwa ametangulia. Ndiyo, alipita njia ile ya kisimani kwa miguu yake, na kamba mpya mkononi kutoka dukani kwake. Alimfunga Himid kiunoni yeye mwenyewe, akalikagua lile fundo mara tatu, akairusha kamba juu ya tawi nene na kuishika ncha yake.

"Panda," alisema. "Mie nimekushika."

Himid alipanda amefumba macho. Watoto walikuwa wanamhesabia matawi. Kwenye tawi la pili aligandamana na mti akasoma kila dua anayoijua, na moja ya kuingilia safari ya baharini ikiwemo. Kwenye la nne akafumbua jicho moja. Bi Mwatum akampigia kelele kutoka chini, "Himid, angalia, huko juu kuna ng'ombe!" na watu wakaanguka kwa kucheka. Nadhani ni hasira ndiyo iliyompandisha tawi la tano. Akalivuta tawi kwa kigoe, kile kijiti chenye ndoano, akachuma kishada cha kwanza na kukitia kwenye pakacha.

Kazi ambayo mchumaji hodari angeifanya kwa siku tatu, Himid aliifanya kwa siku kumi na moja. Kila siku, asubuhi mpaka Alasiri, Mzee Nabhan alisimama chini akiwa ameshika kamba, na hakuna aliyeweza kumpokea. Tulimletea kiti, hakukikalia. Jioni wanawake walikuja uani kwangu kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, na Bi Mwatum, pamoja na ulimi wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Tulianika mpaka juu ya paa la banda la Tulia. Himid hakuanguka hata mara moja.

Tulizipeleka kituo cha kununulia karafuu, zikatoka kilo themanini na kidogo. Milioni moja na laki mbili. Pamoja na upatu na mchango wa ngoma, ilipungua laki tatu tu, na hizo kliniki ilikubali tuzilipe kidogo kidogo. Sikuwahi kushika pesa nyingi kiasi kile. Nilizifunga kwenye leso na kuzivaa kifuani mpaka Unguja, na kwenye boti sikutapika kwa ajili ya kuogopa kuinama.

Upasuaji wenyewe ulikwisha kabla sijamaliza kusoma juzuu moja ya Kurani. Himid alipozinduka, pua imejazwa pamba, jambo la kwanza alilomuuliza muuguzi ni lini atapiga zumari. Muuguzi alidhani ni dawa za usingizi zinasema. Daktari akamwambia wiki sita asipulize hata moto wa jikoni. Alitii. Wiki sita hizo nilipuliza moto mimi, nilikamua mimi, na niliendelea kupanda kiti kubadilisha taa.

Harusi ya Shadya ilifika wiki ya saba. Shumba Mjini ilijaa watu. Wanaume walikuwa wamefanya duara la kirumbizi uwanjani, fimbo tayari, na sisi wanawake tumesimama upande wetu na vigelegele vyetu. Jabir alikuwa nyuma ya ngoma yake. Yule kijana wa Shumba alikuwa amekaa ubavuni mwake, zumari yake imelala mapajani, mdomo ameshaulowesha. Alikuwa kijana mzuri asiye na kosa lolote, nami nilimwombea mafua.

Himid akaanza. Ikatoka sauti ya kwanza, ndefu. Fimbo zikainuka. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa vidole vyangu ndani ya kanga, naye akapita pale alipokwama Wesha, akapita tena.

Ndipo Bi Mwatum alipotoka mbele ya wanawake, akashika kiuno, na kuanzisha wimbo ambao mimi sikuwa nimeusikia. Walikuwa wameutunga na kunificha:

*Mti umesingiziwa, wala hauna habari,*
*Muulizeni Tulia, ndiye ajuaye siri.*

Uwanja mzima ukalipuka. Hata watu wa Shumba walishaijua habari. Wanawake wakaupokea kwa nguvu, mara moja, mara mbili, na fimbo za wanaume zikashuka kwa sababu wenyewe walikuwa hawana nguvu kwa kicheko. Nikamtazama mume wangu. Masikio yalikuwa mekundu. Kile alichokiogopa mpaka akasema uongo, hicho hapo kimekuja mbele ya vijiji viwili, kwa mashairi. Nikasema moyoni, sasa ataishusha zumari, kijana ataipandisha yake, na basi. Nilitaka kumvamia Bi Mwatum.

Himid hakuishusha. Akauacha wimbo wake aliokuwa akiupiga, akaufuata ule wa wanawake. Akauchukua taratibu, kama anayeonja, kisha akaupiga wenyewe: mti umesingiziwa, wala hauna habari. Jabir akaingiza ngoma chini yake. Mashavu ya Himid yalikuwa yamejaa, pua yake inavuta, na sauti haikatiki. Alizunguka duara lote akiipiga aibu yake, akaja akasimama mbele yetu wanawake na kuinua zumari juu, akatuzidishia mwendo. Nililia pale, mbele ya watu, wala sikujifuta.

Tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Bi Mwatum akainua mikono akaomba maji. Himid alikuwa bado anapiga.